Chifu Alitaka Maneno

Mimi sikuzaliwa kuamini watu, na sioni haya kulisema. Kwetu Siakago nchi ni kavu na wazi. Mtu akija kwako unamwona tangu mbali, vumbi likimfuata, na una muda wa kutosha wa kujiuliza anataka nini. Nilipopangiwa kufundisha Kiswahili katika shule moja ya upili juu ya Runyenjes, pale mashamba ya chai yanapokoma na msitu wa mlima unapoanzia, nilihisi kama nimefungiwa kabatini. Ukungu asubuhi, ukungu jioni, na nyuma ya mabweni ukuta wa miti ambayo babu za watu waliikuta imesimama na wakaiacha imesimama. Mtu angeweza kujibanza karibu kabisa na dirisha langu nisimwone. Mwaka huo wa kwanza nilikuwa nikifunga mapazia kabla hata jua halijatua.

Msitu wenyewe ulikuwa na mambo yake. Alfajiri malori yalishuka kutoka huko yakiwa yamefunikwa nyasi za ng'ombe. Nyasi gani hizo zinazotoka msituni kwenda mjini? Kila mtu alijua chini yake kuna nini: magogo ya muthaiti, mti wa kafuri, ule ambao hata ukishakuwa kabati unaendelea kunukia. Lakini kwenye baraza chifu alituambia hakuna pawa hata moja msituni, na watu wakapiga makofi. Pawa ndilo jina la msumeno wa petroli, na sokoni hakuna aliyethubutu kulitamka. Ukilitaja, mwenzako anaanza kuangalia viatu vyake. Ilikuwa miaka ya tisini mwanzoni, vyama vingi vimeingia juzi juzi tu, na kukusanya watu bila kibali ilikuwa ni kujitafutia balaa.

Hapo ndipo akaja mwalimu wa muziki.

Alitoka Kinoru, Meru mjini. Mwembamba, sweta moja la kijivu, gambuti miguuni siku zote hata kama hakuna tope. Tulizungumza Kiswahili, kwa sababu Kimeru chake na Kimbeere changu vilikuwa vikikutana njiani na kusalimiana tu. Alikuwa na tabia moja iliyonikera tangu siku ya kwanza: ukisema naye anainamisha kichwa upande, anasikiliza, kisha anakaa kimya kidogo kabla ya kujibu. Mtu wa kupima maneno namna hiyo, nilijiambia, ana kitu.

Stoo ya shule ilikuwa na vyombo vya muziki ambavyo kanisa fulani la ng'ambo lilituma zamani. Fidla, selo, filimbi, matarumbeta, na besi moja kubwa, ile fidla ya kusimama inayomzidi mtu kimo. Vilikaa huko pamoja na majembe, panya wakizaliana ndani yake. Alivitoa kimoja kimoja akavifuta. Mgongo wa besi ulikuwa umepasuka, akampelekea seremala wa sokoni, naye akauziba kwa kipande cha muringa, mti ambao kwetu tunauchonga mizinga ya nyuki. Miezi michache ilipopita tulikuwa na okestra. Mwanzoni, Mungu anisamehe, ilikuwa ni kelele za paka tupu, na walimu walihamisha viti vyao upande wa pili wa ua.

Kisha akatangaza kwamba wanafunzi watapiga muziki wake mwenyewe, alioutunga juu ya msitu, na kwamba hakuna atakayeimba.

"Hakuna atakayeimba?" nikamuuliza. "Sasa watu watajuaje mnasema nini?"

"Watasikia, mwalimu."

Wacha wee! Huku kwetu hata mbuzi akizaa kuna kwaya ya kushukuru. Muziki bila kuimba ni kama harusi bila chakula, watu wanakaa wanaangaliana.

Hilo lingepita. Lililozua maneno ni Jumamosi zake. Aliwachukua wanafunzi wa okestra akawaingiza msituni, wakae chini ya miti bila kuongea, kila mmoja atafute sauti ya chombo chake. Sasa, mtu wa Meru au Embu ukimwambia kwamba mwalimu anawaingiza watoto msituni, hafikirii ndege na vipepeo. Wazee wetu waliingia msituni wakati wa vita vya kumwondoa mzungu, na hawakuingia kusikiliza miti. Kule watu walikula kiapo. Kabla ya mwezi kwisha akina cucu, wale bibi wazee wa sokoni, walikuwa wameshaamua: watoto wanalishwa kiapo. Mzazi mmoja alikuja na panga mkononi, la kukatia nyasi lakini panga, akamwondoa binti yake kwenye okestra.

Mimi sikuamini mambo ya kiapo. Lakini niliona kitu ambacho wengine hawakukiona. Jumamosi jioni wale watoto walirudi na tope kwenye magoti. Magoti, si viatu. Na yeye mwenyewe vile vile.

"Mnampigia nani magoti huko?" nikamvamia nje ya chumba cha walimu.

Akacheka. "Mti mkubwa una sauti ya chini kabisa, mwalimu. Inabidi uuinamie. Njoo Jumamosi usikie mwenyewe."

"Mimi? Msituni? Ng'o!"

Basi chifu akaja shuleni. Alikuja na askari wake wawili, akaketi kwenye kiti cha mwalimu mkuu bila kukaribishwa, na mwalimu mkuu akabaki amesimama ndani ya ofisi yake mwenyewe. Niliitwa. Sikujua kwa nini.

"Nimesikia kuna wimbo wa msitu," chifu akasema. "Mnataka kuupiga siku ya harambee ya maabara, mbele ya D.O."

"Ndiyo, Chifu," mwalimu mkuu akajibu.

"Nipe maneno yake nione."

"Hauna maneno, Chifu."

Chifu akacheka, mkono juu ya tumbo. "Wimbo bila maneno. Hedimasta, mimi nimekuwa chifu tangu wewe ukivaa kaptura. Huu wimbo maneno unayo. Mmeyaficha tu." Kisha cheko likakatika. "Ijumaa nataka maneno hapa, kwa Kiswahili, D.O. ayaelewe. Nikiyakosa, hizo vyombo zirudi stoo, na huyo kijana wa Meru arudi kwao. Na mimi ndio nitaandika barua."

Alipoondoka, mwalimu mkuu alinigeukia. Nikaelewa kwa nini niliitwa.

"Niandike maneno ya kitu ambacho sikukitunga?"

"Wewe si ndiye Kiswahili?"

"Na sahihi atatia nani?"

Akaanza kupanga kalamu zake. Ala! Nikajua sahihi ni yangu. Kama muziki ule ulikuwa na jambo ndani, anayelijua ni mwingine na atakayefungwa ni mimi. Kama hauna, kijana wa watu atafukuzwa bure kwa sababu mimi nimeshindwa kuandika kurasa mbili. Nilitoka pale nikiwa nimewakasirikia wote watatu.

Jioni hiyo nilikwenda kwenye ukumbi wa kulia chakula walikokuwa wakifanyia mazoezi, nikakaa nyuma kabisa na kalamu yangu. Nilikwenda kama mpelelezi, sikwenda kuburudika. Filimbi zikaanza, tone moja moja, na kabla sijaandika chochote nikajikuta nimenyanyua kichwa kuangalia dari kama linavuja. Fidla zikaingia taratibu, nami nikavuta shali, maana ulikuwa ni ule ukungu wa dirishani kwangu hasa. Tarumbeta ikalia kama ndege hondohondo, pua juu. Nilipendezwa, na kupendezwa kukaniudhi.

Kisha katikati vyombo vyote vikanyamaza, isipokuwa selo na besi. Zikashika nota moja, ya chini sana, inasugua, inatetemeka, inakua, inakua hadi vikombe vya bati kwenye kabati vikaanza kulia. Halafu kimya. Ghafla tu, kama imekatwa. Baada ya kimya hicho fidla moja ikabaki ikilia peke yake.

Machale yakanicheza. Hapa, nikasema, hapa ndipo penye jambo.

"Pale katikati ni nini?" nikamuuliza watoto walipotoka.

"Ni msitu."

"Muziki mzima ni msitu. Nakuuliza pale."

Akainamisha kichwa kama kawaida yake. "Wewe umesikia nini?"

"Mimi nahojiwa na chifu, na wewe unanihoji! Niambie ukweli tumalize."

"Nikikuambia, utaandika nilichosema. Andika ulichosikia, mwalimu. Au njoo Jumamosi."

Hapo shaka yangu ikaota mizizi. Mtu asiye na la kuficha anaulizwa hapa ni nini, anasema ni hiki. Nikamfuata msichana mrefu wa kidato cha tatu aliyekuwa akipiga besi. Naye akaniambia kwamba mwalimu amesema ashike nota hiyo mpaka mkono uchoke. Kisha alinitazama kwa namna ambayo wanafunzi humtazama mwalimu wanayejua hataelewa.

Niliandika usiku na mchana. Mvua, nikasifu mvua. Ukungu, nikauita blanketi la chai yetu. Hondohondo nikamfanya anawaamsha wakulima wakajenge nchi. Kila mstari nilijiuliza chifu ataupindaje. Nilipofika kwenye ile nota ya katikati nikakwama, hadi nilipomkumbuka marehemu baba. Alikuwa na mizinga kwenye migunga huko nyumbani, na akitaka kujua kama nyuki wamehamia alikuwa akilaza sikio lake juu ya gogo, akifumba macho. Nami, nikiwa mtoto, nililaza langu. Kulikuwa na mngurumo ndani, wa chini, unatetemeka hivyo hivyo. Nikaandika: nyuki wanarudi nyumbani. Nikajipongeza, maana nyuki hawana chama.

Ijumaa chifu alisoma akifuata mstari kwa kidole, midomo ikitembea.

"Nyuki," akasema.

"Ndiyo, Chifu."

"Hawa hawana neno." Akagonga muhuri. Lakini akaweka sharti: siku yenyewe mimi nisome maneno hayo kwenye kipaza sauti kabla ya kila sehemu, watu wasije wakajitungia yao.

Siku ya harambee uwanja ulijaa. D.O., afisa wa tarafa aliye juu ya chifu, aliketi mbele chini ya hema, chifu kulia kwake na fimbo yake magotini, wazazi wamesimama nyuma hadi kwenye ua wa michongoma. Nilisoma mvua, wakapiga mvua. Nilisoma ukungu, wakapiga ukungu, na nikaona akina mama wakijifunika kanga mabegani. Hata yule mzazi wa panga alikuwa ametulia. D.O. alikuwa ameanza kusinzia. Nikaanza kupumua. Tutapita, nikajiambia, huyu kijana atabaki na kazi yake, na mimi nitalala leo.

"Na sasa," nikasoma, "nyuki wanarudi nyumbani, wamebeba asali ya taifa."

Msichana wa besi akavuta upinde. Selo zikamfuata. Ile nota ikatoka chini ya hema ikatambaa kwenye majani, ikapanda miguuni mwa viti, ikazidi kukua. Nilikuwa namwangalia chifu, kwa sababu ndivyo nilivyo. Nikaona shingo yake inakakamaa. Fimbo ikaanguka. Akasimama.

"Simamisha! Simamisha hiyo kitu!"

Wakasimama. Upinde wa besi ukabaki hewani.

"Hiyo si nyuki!" chifu akapiga kelele, na kwa kuwa alikuwa amekaribia kipaza sauti changu, uwanja mzima ulisikia. "Hiyo ni pawa! Mnafikiri mimi ni mjinga? Sijui pawa inalia aje? Mnaniimba mimi mbele ya D.O.!"

D.O. alifungua macho taratibu.

"Chifu," akasema. "Pawa gani?"

Chifu akainama kuokota fimbo yake.

"Si umeniandikia kila mwezi kwamba huku hakuna pawa?" D.O. akaendelea. "Sasa ukisikia pawa, kwa nini useme ni wewe unaimbwa?"

Nyuma kabisa cucu mmoja akacheka. Kicheko kikavu cha mtu ambaye amengoja sana. Kikashika wa pembeni yake, kikaruka safu, hadi uwanja mzima ukawa unavunjika mbavu, na watu ambao miaka yote walikuwa wakiangalia viatu vyao sasa walikuwa wanaangaliana usoni. D.O. naye alitabasamu, lakini sikulipenda tabasamu lile. Lilikuwa la mtu anayehesabu. Akainua mkono, akasema tuendelee na michango. Fidla ya peke yake haikupigwa.

Nilimkuta mwalimu wa muziki nyuma ya jiko.

"Umeniuza!" nikamwambia. "Ulijua ni pawa, ukaniacha nisimame mbele ya serikali nikisoma nyuki!"

"Mwalimu," akasema, "hata wewe?"

"Apa!"

"Ni nyuki. Uliandika sawasawa. Nilishangaa umejuaje bila kwenda."

Sikumwamini. Chifu mzima, anayeijua pawa kuliko sisi sote, amesema ni pawa. Niligeuka nikaenda zangu.

Barua ya uhamisho haikuchelewa. Alipelekwa kaskazini, mbali, mahali ambapo hakuna mti wa kumzidi ng'ombe kimo. Vyombo vilirudishwa stoo kwa usalama, kufuli likatiwa. Chifu alibaki chifu. Siku ya kuondoka walimu walimpa mkono upesi upesi, kila mtu akichunga nani anamwona. Mimi nilimsindikiza hadi langoni, si kwa upendo, nilitaka tu nimtazame machoni kwa mara ya mwisho.

"Kuna muthaiti mkubwa juu ya kijito," akaniambia, "una tundu chini ya shina. Wasichana wanapajua. Piga magoti, weka sikio. Usiniamini mimi, mwalimu, sikiliza tu."

Nilikaa na maneno hayo wiki kadhaa, nikijiambia siendi. Katika wiki hizo malori yalianza kushuka mchana, wakati wa mapumziko ya saa nne, wanafunzi wakiyaangalia. Bila nyasi juu. Chifu alikuwa ameshalitamka jambo hilo mwenyewe mbele ya watu, na hakuna aliyekuja kumkamata, sasa afiche nini tena, na amfiche nani? Ndipo nilipolielewa lile tabasamu la D.O.: alikuwa akihesabu fungu lake.

Jumamosi moja nikamwita msichana wa besi, nikavaa gambuti za kuazima, tukaingia. Niliogopa, nasema wazi. Niliogopa kila kivuli. Lakini baada ya muda nikaanza kusikia matone kutoka kwenye majani, moja moja, na nikajua nimeshapita hapa, niliketi nyuma ya ukumbi nikiwa na kalamu. Hondohondo alipolia nilitaka kucheka.

Tulivuka kijito. Msichana alikuwa mbele, akasimama, nami nikamgonga mgongoni.

Mti haukuwepo. Kulikuwa na kisiki kipana kuliko meza ya chumba cha walimu, bado kibichi, kikinukia kafuri, na unga wa mbao mwekundu umetapakaa juu ya tope. Shina lilikatwa chini kabisa, na lile tundu lilikuwa limeondoka nalo.

Nyuki walikuwa bado pale. Walikuwa wamejaa hewani mahali ambapo mlango wao ulikuwa, wanazunguka na kuzunguka, hawana pa kuingia. Nota ilikuwa ile ile, ya chini, inasugua, inatetemeka. Nilipiga magoti kwenye ule unga wa mbao, ingawa hapakuwa tena na kitu cha kuwekea sikio, na nililia bila kujificha.

"Alikuwa anasema kweli," nikasema.

"Sisi tulijua, madam," msichana akajibu.

Jumatatu nilimwandikia huko kaskazini. Nilimwambia kwamba nimekwenda, nimepiga magoti, nimesikiliza kwa masikio yangu mwenyewe, na ni nyuki. Sikumwandikia kwamba mti haupo.